Kumwandalia mtu rekodi za Django Reinhardt: hatua kwa hatua, na ile kasi ya santuri iliyotukesha

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu akitaka nimtumie "nyimbo kali za yule mpiga gita wa vidole viwili". Anajifunza solo, na rafiki yake alikuwa amemsikilizisha kipande cha Django Reinhardt. Nilifurahi mno. Nimepiga gita la rithimu kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, na katika miziki ya mbali na kwetu hakuna ninaoupenda kama huu wa jazi wa Wamanouche, yaani Waroma wa Ufaransa. Ila kumpa mtu muziki huu ukamfikia vizuri kuna kazi yake, na tulipofika kwenye kasi ya santuri tulikesha. Nimeandika tulivyofanya ili nawe ukimwandalia mtu wako usipoteze usiku mzima kama sisi.

Hatua ya 1: Chagua rekodi tano, basi

Ukimtumia mtu nyimbo themanini hasikilizi hata moja. Zangu ni hizi, kwa kufuata miaka, na mpangilio huu siubadilishi.

"Dinah", Desemba 1934. Hii ni kati ya rekodi za kwanza za Quintette du Hot Club de France, bendi ya Django: magita matatu, fidla ya Stéphane Grappelli na besi kubwa ya Louis Vola. Ngoma hakuna. Mwambie mwenzako aanze na rithimu, asikimbilie solo. Ule mkono unaokwenda kavu bila kuchoka, ambao Wafaransa wanauita la pompe, yaani pampu, ndio ngoma yenyewe.

"Improvisation", Aprili 1937. Django peke yake na gita. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, karavani aliyoishi ilishika moto na vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vikakunjamana. Solo alizipiga kwa viwili vilivyobaki, vile vilivyoungua akavisaidizia kwenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mtu akishajua hilo, asikie rekodi hii bila chombo kingine chochote cha kumfunika.

"Minor Swing", 25 Novemba 1937. Hii kila mtu anaijua, na kila mtu ana haki ya kuijua. Mwisho kabisa sauti ya mtu inasema "Oh yeah!", ni Vola, yule wa besi.

"Nuages", 13 Desemba 1940. Wajerumani wako Paris, Grappelli amebaki London tangu vita vianze, na pale ilipokuwa fidla sasa kuna klarineti mbili, za Hubert Rostaing na Alix Combelle. Jina lake maana yake ni mawingu, na kweli zile klarineti zinatanda.

"Brazil", Machi 1953. Gita la umeme, piano, besi, ngoma. Wapenzi wengi wa enzi ya fidla hawaitaki hii, wanasema Django alishapotea. Nakataa kabisa. Alifariki tarehe 16 Mei mwaka huohuo akiwa na miaka 43, na humu unamsikia mtu aliyekuwa bado anakwenda mbele. Ukimnyima mwenzako rekodi hii umempa nusu ya Django.

Hatua ya 2: Taja tarehe, usitaje jina peke yake

Ukisema "sikiliza Minor Swing" hujasema kitu. Ipo ya 1937, ipo ya Roma ya 1949 aliyorekodi na Grappelli pamoja na Waitaliano wa piano, besi na ngoma, na zipo nyingine. Ya Roma naipenda sana, lakini ukitaka mtu aisikie la pompe atabaki anaitafuta, maana ngoma imeshika nafasi yake. "Nuages" nayo aliirekodi kwanza Oktoba 1940, akarudi Desemba na klarineti ya pili, kisha akaendelea kuirekodi mpaka mwaka aliofariki.

Majina ya mafaili usiyaamini. Hata lebo za zamani zilikosea: kwenye santuri zake za kwanza za 1928, akipiga banjo nyuma ya kinanda cha akodioni, jina liliandikwa "Jiango Renard". Ukiwa na santuri yenyewe mkononi, tazama namba iliyochongwa kwenye sehemu laini karibu na lebo. Namba hiyo, pamoja na alama ya mara ya ngapi wimbo ulirekodiwa, ikifanana kwenye santuri mbili, ni upigaji uleule hata kama majina ya kampuni ni tofauti.

Hatua ya 3: Tafuta nakala isiyosafishwa kupita kiasi

Chukua yenye mchakacho. Programu za kuondoa kelele zikizidishwa hula milio ya juu, na milio ya juu ndipo lilipo gita la Selmer, aina aliyoipiga Django: ule ukali wa kichuma, pigo la pleki kwenye waya. Masikio huzoea mchakacho ndani ya dakika moja. Gita lililozimwa hayalizoei.

Hatua ya 4: Hakikisha kasi

Hapa ndipo tulipokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpwa wangu alikuwa tayari ameshapakua "Minor Swing" kutoka anakokujua yeye. Akatyuni gita kwa simu, akapiga kodi ya A maina kufuatisha, ikagombana. Akadhani nyuzi zimelegea, akakaza. Akakaza tena. Nilipofika kwake baada ya magharibi nilimkuta sebuleni, simu juu ya mkono wa kiti, uzi wa kwanza umekatika na kujikunja kama chemchemi ya kalamu. "Mjomba, gita langu limeharibika," akaniambia.

Nami nikamwamini. Nilibadilisha nyuzi zote, nikapima kila uzi kwenye freti ya kumi na mbili, nikashuku daraja, nikashuku simu. Saa sita usiku ndipo nilipofungua nakala yangu niliyoitoa kwenye CD, nikaziweka mbili pamoja kwenye kompyuta. Ya kwake ilikuwa fupi kwa sekunde nne na ushee, na haikuwa imekatwa popote. Gita lilikuwa zima tangu mwanzo.

Sababu ni hii. Santuri za wakati ule tunaziita za 78, yaani zinazunguka mara 78 kwa dakika, lakini mashine za kurekodia na za kuchezea hazikuwa sawa zote. Aliyeihamisha santuri kwenye kompyuta naye anaweza kukosea. Ikizungushwa mara 80 badala ya 78, kila noti inapanda takriban senti 44, na nusutoni moja nzima, yaani kutoka freti moja ya gita hadi inayofuata, ni senti 100. Maana yake umeangukia katikati ya noti mbili, mahali ambapo hakuna gita litakalokubali.

Fanya hivi. Kwanza linganisha urefu wa nakala mbili au tatu za upigaji uleule. Zikitofautiana kwa zaidi ya sekunde moja na hakuna iliyokatwa, kasi ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Kisha chukua gita lako, fungua tyuna ya simu inayoruhusu kubadilisha ile 440, yaani mitetemo kwa sekunde ya noti ya A. Sikiliza kwa hedifoni mahali ambapo rithimu na besi ziko wazi. Usipime kwa fidla, Grappelli anateleza na kutetemesha noti, atakupoteza. Pandisha 440 kidogokidogo, kila mara utyuni upya na kupiga kodi kufuatisha, hadi ugomvi uishe. Sisi tulifika 450 ndipo gita likakaa. Gawanya 440 kwa 450, unapata 0.978. Kwa hiyo kasi ipunguzwe kwa asilimia 2.2.

Kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, tumia ile amri inayobadilisha kasi na mlio kwa pamoja. Usitumie inayobadilisha mlio peke yake! Mpwa wangu aliitumia hiyo kwanza, noti zikakaa sawa lakini mwendo ukabaki wa haraka, na gita likatoa mwangwi kama liko ndani ya pipa. Kosa lilitokana na mzunguko, kwa hiyo mlio na mwendo vilipanda pamoja na lazima vishuke pamoja. Tulipofanya sawasawa, hata fidla ilinenepa. Nilikuwa nimeizoea nyembamba bila kujua.

Kuna tahadhari. Ukikuta tofauti iko karibu na senti 50, hujui kama rekodi imepanda kutoka chini au imeshuka kutoka juu. Tafuta noti ya chini kabisa. Fidla haiwezi kwenda chini ya G ya uzi wake wa nne ulio wazi, na gita haliendi chini ya E ya uzi wa sita. Ukirekebisha halafu ukasikia noti iliyo chini ya hizo, umekwenda upande usio wake.

Pima mwanzo, katikati na mwisho, maana kuna mashine ambazo kasi yake inahama njiani.

Na usiivute kila rekodi mpaka 440 kamili kana kwamba hiyo ni amri. Sheria ya Ufaransa ya 1859 iliweka A kwenye 435, na 440 ilikubaliwa kimataifa katika mkutano wa London mwaka 1939. Kati ya hizo mbili kuna kama senti 20. Bendi isiyo na piano, ya mwaka 1937, ingeweza kukaa popote hapo. Mimi tofauti ndogo kama hiyo naiacha kwa ajili ya kusikiliza. Mpwa wangu nilimtengenezea nakala ya pili iliyo 440 kamili ya kufanyia mazoezi, na jina la faili linasema hivyo.

Hatua ya 5: Hifadhi na utume

FLAC, aina ya faili isiyopoteza ubora wa sauti. Ukitumia WhatsApp, tuma kama dokyumenti ili faili ifike ilivyo. Usiyapandishe hadharani: Grappelli, aliyetunga "Minor Swing" pamoja na Django, amefariki 1997, na hakimiliki zinatofautiana nchi na nchi. Ikiwa rekodi ipo kwenye huduma halali, tuma kiungo pamoja na tarehe.

Hatua ya 6: Andika mstari mmoja kwa kila rekodi

Mstari mmoja tu, wa kumwelekeza sikio. Kwa "Dinah" niliandika: "Msikilize Joseph, mdogo wake Django, kwenye rithimu." Usieleze historia nzima, atauliza mwenyewe.

Hatua ya 7: Ya kwanza isikilizeni pamoja

Kama mko mji mmoja, nenda. Tulipomaliza kurekebisha ile "Minor Swing" ilikuwa inakaribia saa nane. Tuliicheza mara moja kwa sauti ndogo kwa sababu nyumba ilikuwa imelala. Mpwa wangu alishika gita bila kulipiga, mkono wa kushoto ukifuata kodi kimyakimya, na Vola aliposema "Oh yeah!" akairudisha mwanzo.

Wanaokuja baada ya Django waweke akiba. Biréli Lagrène alirekodi "Routes to Django" mwaka 1980 akiwa bado kijana mdogo, na yupo Stochelo Rosenberg wa Uholanzi, na Fapy Lafertin wa Ubelgiji. Mimi ningeanza na Fapy. Nimemwambia mpwa wangu nitamletea mwezi ujao, akishaweza kushika la pompe dakika tatu bila kusimama.