Anasoma au anaimba? Namna ya kumfundisha mtoto kusoma ukiwa nyumbani

Mtoto wa kaka angu aliletwa kwangu Makorora akiwa darasa la pili, mamake kanambia wifi huyu kusoma hana shida, we msimamie hesabu tu. Nikampa kitabu chake nikamwambia haya nisomee. Akasoma kweli, sauti safi, kidole kinatembea juu ya mstari kama shehe. Tulikuwa tumekaa barazani na upepo wa Tanga jioni si mnaujua, ukapiga ukafunua ukurasa mwingine kabisa, mwenyewe wala hakustuka, akaendelea na habari ile ile ya yule mbuzi mpaka mwisho huku macho yako kwenye picha ya basi. Yaani mtoto alikuwa anaimba. Amewasikia wenzie darasani wanaitikia kwa pamoja kakishika chote kichwani, na darasa likiwa na watoto wengi mwalimu atamjuaje.

Mi ni fundi cherehani sio mwalimu, ila tangu siku ile nina watoto sita saba wanakuja jioni chini ya mkungu wetu, na nimejifunza kwa kukosea sana pamoja na kuwauliza walimu wa darasa la kwanza wanafanyaje. Haya ndo ninayofanya, mzazi au kaka mkubwa yeyote anaweza.

Kabla hujafundisha chochote mpime. Funika picha kwa mkono, mwambie asome neno la mwisho kwenye mstari, alafu la katikati, alafu rudi nyuma. Anayesoma kweli atakwenda polepole lakini atasoma, anayeimba atakutazama usoni akisubiri umpe neno la kwanza ili aanze wimbo. Usimcheke wala usimgombeze, huyo kichwa chake ni kizima, kushika ukurasa mzima sio kazi ndogo, ila hajaonyeshwa kwamba ile michoro inasema.

Sasa watu wengi hapa wanakimbilia kununua daftari na kalamu. Subiri. Kusoma kunaanzia masikioni. Kama mtoto hasikii kwamba neno "nazi" lina vipande viwili, na, zi, basi ukimwonyesha herufi unamwonyesha mapambo tu. Kwa hiyo wiki ya kwanza hatushiki kalamu kabisa, tunapiga makofi. Ma-chu-ngwa makofi matatu. Pwe-za mawili. M-ka-te matatu. Hapo kwenye mkate ndo pazuri maana watoto wengi wanapiga mawili, wanaisahau ile m. Kwenye Kiswahili m inaweza kusimama peke yake ikawa silabi nzima bila irabu yoyote, m-tu, m-ti, m-to-to, lakini kwenye "mbuzi" haisimami, imeshikana na b, mbu-zi, makofi mawili basi. Mtoto akishaisikia hiyo tofauti kwa sikio lake hapati shida mbele, asipoisikia utamkuta darasa la nne anaandika "muti" na "mutoto". Tunacheza pia naona kitu kinaanza na sss, wanasema samaki, sufuria, siafu, mmoja akasema "soda shangazi tununulie". Mchezo huu hauna gharama, unachezwa hata mkiwa mnachambua mchele.

Baada ya hapo ndo herufi, na hapa nina ugomvi na hizi chekechea zetu. Mtoto wa miaka minne anafundishwa ei, bii, sii, wazazi wanafurahi anajua Kiingereza, akija kukutana na neno "kiti" anakwambia kei, ai, tii, ai. Unganisha hiyo upate kiti kama utaweza! Jina la herufi na sauti ya herufi ni vitu viwili. Mfundishe sauti kwanza, m ni mmm, s ni sss, na zile fupi kama k na t uzikate hapo hapo usiziburute zikawa "kaaa". Majina atayajua tu baadae. Na Kiswahili kimetuhurumia, irabu ni tano, a e i o u, na kila moja ina sauti ile ile popote utakapoikuta, sio kama Kiingereza ambako a moja inabadilika kila mtaa. Mtoto akishika kanuni leo kesho haimsaliti, ndo maana ni bora aanze kusoma kwa lugha anayoiongea, Kiingereza kitamfuata.

Usimpe herufi zote kwa mpigo. Mi naanza na sita tu: a, i, u, m, k, t. Kwa nini hizo? Kwa sababu siku ya tatu nne mtoto anakuwa ameshasoma maneno yake mwenyewe: mama, kaka, kumi, tatu, kiti, tamu, mti, mkia, na "tui" ambalo analijua kwa sababu jana limetiwa kwenye wali. Ukianza a, b, ch, d kwa mfuatano wa kitabu mtoto anakaa wiki mbili ana baba na dada tu na anachoka, wewe ungekuwa yeye usingechoka?

Vifaa: vizibo vya soda. Nenda duka lolote la vinywaji wanakupa bure, wanashangaa tu unavitaka vya nini. Vioshe vikauke, gonga kingo zile zenye meno kwa nyundo visimkate mtoto, alafu kata karatasi ngumu za boksi bandika ndani uandike silabi kwa maka peni. Nilianza na penseli, mvua ya siku moja ikafuta zote.

Mchezo wa vizibo ninaoupenda ni huu, andaa saba: ka, ta, ti, ke, ki, ko, ko. Panga KATA. Mwambie aondoe kimoja tu apate KATI. Alafu kimoja tu apate KETI. Alafu KEKI, alafu KOKI ile ya maji, alafu KOKO. Kila hatua anabadilisha kizibo kimoja na lazima aseme neno kwa sauti. Hapo hawezi kuimba kwa sababu wimbo hana, neno analitengeneza sasa hivi kwa mkono wake. Ndo tofauti na kile kiitikio cha ba be bi bo bu ambacho kila mtu anakijua. Sisemi kibaya, kinasaidia mwanzoni, ila kiimbwe kikishaimbwa kivurugwe, mwonyeshe bo kabla ya ba, mwonyeshe bu peke yake kwenye kona ya karatasi. Akilazimika kurudi mwanzo ba be bi ndo afike, bado hajaijua.

Watoto wetu wengi Tanga wanakwenda na chuoni, yaani madrasa, na hiyo ni mtaji msiudharau. Mtoto aliyepita alifu kwa kijiti, yaani mwanzo wa herufi za Kiarabu, ameshafundishwa kwamba herufi ikikutana na irabu inatoa sauti moja, be fataha ba, be kasra bi, be dhuma bu, ni ufundi ule ule wa silabi, hata neno irabu lenyewe limetoka kwenye Kiarabu. Ila angalieni vitu viwili. Kule anasoma kutoka kulia, kwa hiyo mwanzoni chora mshale mdogo kushoto kwa mstari, siku chache anazoea. Pili, irabu fupi za Kiarabu ni tatu, a, i, u, hakuna e wala o, nina wawili ambao "keti" walikuwa wanaisoma "kiti" na "toka" wanaisoma "tuka" ingawa kwa mdomo wanaongea vizuri tu. Niliwapa vizibo vya e na o peke yake wiki nzima wakakaa sawa.

Zile ngumu, mb, nd, ny, ch, sh, dh, th, gh, mw, kw na ndugu zake, ziache mpaka zile nyepesi ziwe zinatoka bila kufikiri. Mfundishe kama kitu kimoja, sh ni sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili basi. Ng na ng' zinasumbua hata wakubwa: ngoma, ng'ombe, ngazi, ng'amua. Mwambie kile kikoma cha juu kinasema sauti ipite puani tupu. Na r na l, kabla hujamwambia amekosea muulize maana. Akisoma "kura" akatamka "kula" alafu akakwambia ni ile ya uchaguzi, basi amesoma, ulimi tu ndo wa nyumbani kwao. Huyo mrekebishe siku nyingine kwa utani, sio katikati ya sentensi.

Akishaweza maneno kuna ugonjwa mwingine unaingia, anasoma ki, ti, cha, ba, ba, akifika mwisho wa mstari ameshasahau mwanzo. Dawa ni kurudia. Kifungu kifupi, sentensi nne tano, we soma kwanza yeye akifuata kwa macho, msome pamoja, alafu asome peke yake, kesho tena kile kile, kesho kutwa tena. Ndio atakishika kichwani, lakini sasa anakishika huku anayaona maneno, na ukitaka uhakika mpe maneno yale yale kwenye kifungu kipya. Darasa la pili walimu hulenga mtoto afike maneno 50 hivi kwa dakika, ila usimkalie na saa ya simu kama refa, utamtia hofu.

Na kuelewa je? Hapa wazazi tunadanganywa sana. Soma hii: "Mbwiro alikungura zapa jana jioni." Sasa nijibu, nani alikungura? Mbwiro. Alikungura nini? Zapa. Lini? Jana jioni. Umepata tatu kwa tatu na hujui mbwiro ni nani wala kukungura zapa ni nini, maneno hayo nimeyatunga mwenyewe sasa hivi hapa. Maswali ya hivyo hayapimi kitu. Muulize ungekuwa wewe ungefanyaje, kwa nini yule mama alikasirika, unadhani nini kitatokea ukifunua ukurasa. Akikosa jibu mara nyingi tatizo ni neno moja asilolijua, mwambie maana yake mwendelee.

Vya kusoma visikupe presha. Maktaba ya mkoa ipo mjini, mpeleke, lakini hata nyumbani maandishi yamejaa. Karatasi ya unga, meseji ya LUKU ukinunua umeme, vibao vya barabara za namba kule Ngamiani, na kanga. Jamani kanga! Karibu kila moja ina jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa na mara nyingi ni maneno machache tu. Huyu wangu wa kuimba alikuja kusoma kanga ya jirani yetu mbele ya wageni, u-si-sa-fi-ri-e nyo-ta ya mwe-nzi-o, alafu kauliza kwa sauti kubwa "shangazi, hii anaambiwa nani?" Jirani hakunisemesha siku mbili lakini mi nilijua kazi imekwisha, mtoto amesoma na anatafuta maana.

Njia nyingine, mwambie akusimulie alichofanya jana, we andika hivyo hivyo anavyosema, alafu yeye asome. Maneno ni yake, anayajua yote.

Kama mzazi mwenyewe hujui kusoma usijitoe. Bibi angu alijifunza akiwa na wajukuu, kwenye madarasa ya ngumbaru, Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na watu wakafundishwa chini ya miembe, hesabu za serikali za 1986 zikasema asilimia 90 ya watu wazima wanajua kusoma na kuandika. Walisomeshwa mambo yao wenyewe, kilimo, uvuvi, afya, ndo maana kikaitwa kisomo chenye manufaa. Kwa hiyo kaa na mwanao, mwambie nisomee, alafu muulize maana. Hahitaji ujue herufi, anahitaji usikilize. Dakika 15 kila siku zinatosha, ni bora kuliko masaa matatu ya Jumamosi yenye makonzi ndani yake. Na mtoto anayeweka kitabu karibu na pua, au anayesema "eh?" kila mara, huyo mpeleke hospitali wampime macho na masikio kabla hujamwita mzito.

Kimebaki kimoja, wale wakubwa. Nina mmoja darasa la tano, kimo kanizidi, alikuwa hawezi kusoma "mti" na hakuna aibu kubwa kama hiyo kwa kijana. Kumkalisha na wa chekechea sio dawa. Nilimwambia naomba unisaidie kuwafundisha hawa wadogo, shangazi nina nguo za harusi nashona. Kila siku anakuja nusu saa kabla yao namwonyesha vizibo vya kesho "ili ajue kuwafundisha", alafu anakaa nao anavipanga, anawakosoa, anajifanya mkali. Sasa hivi tumefika kwenye ng'. Juzi kanunua umeme kwa simu yangu, tarakimu ishirini kaingiza mwenyewe, alafu akanisomea na meseji yote mpaka salio, sikumwomba.