Jinsi ya Kumtofautisha Kwera wa Clarke na Kwera Mgongo-Mweusi

Anayetoka Malindi kwenda kutazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke na aondoke alfajiri, achukue darubini, kisha aelekee penye miti ya mirihi, kwani kwera wa Clarke, ndege wa jamii ya wafumaji viota, hutafuta wadudu kwenye vilele vya miti hiyo. Kwera mgongo-mweusi naye yumo msituni humo. Madume ya aina zote mbili ni meusi juu na ya manjano tumboni, na mwanga ukiwa nyuma yao hata macho mazoefu hubabaika.

Kwa hiyo usiamue kwa rangi ya tumbo. Tazama bawa kwanza: manyoya ya bawa la kwera wa Clarke yana kingo za manjano, ilhali bawa la mwenziwe ni jeusi tupu. Halafu tazama kifua, kwa kuwa weusi wa dume la Clarke hushuka hadi kifuani, lakini wa kwera mgongo-mweusi hukomea kooni. Jike la Clarke lina ukijani mgongoni. Kwa kwera mgongo-mweusi, dume na jike wamefanana. Ukisikia wawili wakipokezana wimbo wenye mkwaruzo wa bawaba isiyotiwa mafuta, hao ni mgongo-mweusi, wakati kwera wa Clarke aghalabu hupita kwa makundi yenye makelele.

Tofauti iliyo nzito zaidi haionekani kwa darubini. Kwera mgongo-mweusi ameenea nchi nyingi, kutoka Afrika Magharibi hadi Afrika Kusini, na Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, haimhesabu miongoni mwa ndege walio hatarini. Kwera wa Clarke yumo katika kundi la walio hatarini kutoweka, na duniani kote anajulikana kuishi Kaunti ya Kilifi tu: Arabuko-Sokoke na msitu wa Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi. Alielezwa kisayansi mwaka 1913, lakini viota vyake havikugunduliwa hadi 2013, huko Dakatcha, katikati ya majani ya kinamasi kinachojaa maji msimu wa mvua. Dakatcha haina ulinzi kama wa msitu wa serikali, na mirihi yake hukatwa kwa makaa na kufyekwa kupisha mashamba ya mananasi. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo la kutushughulisha kuliko yote.

Unapomwona kwera wa Clarke, andika tarehe, mahali, idadi na aina ya mti. Ukikuta kundi linafuma viota kinamasini, kaa mbali, usikanyage majani, na uwapelekee taarifa Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa maumbile, au wanavijiji wanaolinda msitu huo.