Kadi ya grafiki kwa kompyuta ya zamani: anza na pawasaplai

Vijana wengi wanaoniletea kompyuta hapa Busia hufika na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, tayari mkononi. Wameinunua Kampala, imekuja na basi, na wanachotaka ni niipachike tu. Mara nyingi kadi yenyewe ni nzima, ila mashine haina umeme wa kuilisha. Inaniuma, kwa sababu hiyo ni akiba ya miezi. Basi nawaandikia ninyi mnaotaka kucheza gemu kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika, zile Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP EliteDesk 800 G1 na jamaa zake: kabla hujatoa shilingi, fungua kasha usome stika ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine.

OptiPlex 9020 ya mnara hutoka kiwandani na pawasaplai ya wati 290. Ile nyembamba ina 255. Prosesa ya i5-4570 peke yake imepangiwa wati 84, bado diski, feni na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote. Sloti ndefu ya kadi, PCI Express x16, kwa kiwango chake hutoa wati 75 na si zaidi, na kuna vikasha vyembamba ambavyo mwongozo wake unaruhusu pungufu ya hapo. Soma mwongozo wa modeli yako, uko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Pawasaplai hizi kwa kawaida hazina waya wa pini 6 wala 8 wa kuongezea kadi umeme. Kwa hiyo kadi kama RX 580, inayokula wati 185, isahau, hata muuzaji akikupunguzia bei namna gani.

Atatokea mtu akuuzie adapta ya kugeuza waya wa SATA, ule wa kulisha diski umeme, kuwa pini 6. Usiichukue. Kichwa cha SATA kimeruhusiwa takriban wati 54 kwenye laini ya volti 12, na tundu la pini 6 linaweza kudai 75. Nimefungua mashine ya mteja nikakuta plastiki ya kichwa hicho imelainika na kugandamana na pini, weusi umetambaa hadi kwenye waya wa manjano. Mashine ilikuwa bado inawaka. Hilo ndilo la hatari: inawaka huku inaungua.

Chaguo langu la kwanza ni GTX 1050 Ti ya GB 4, ya mwaka 2016, ile isiyo na tundu la umeme wa ziada. Mfuko ukiruhusu, GTX 1650 ya 2019 ina nguvu zaidi ndani ya wati 75 zilezile, ila angalia vizuri, kwa maana nyingine zimewekewa tundu la pini 6. RX 6400 inakula wati 53 tu na inavutia, lakini inatumia njia 4 za kupitishia data za PCI Express badala ya 16, na kwenye mashine za zamani hupoteza sehemu ya kasi yake. Kwa bajeti ndogo kabisa kuna GT 1030, na hapo uwe macho: iko yenye kumbukumbu ya GDDR5 na iko yenye DDR4, jina ni lilelile. Kumbukumbu ya kwanza inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya pili haifiki hata 17. Ukikuta DDR4 imeandikwa kwenye boksi, rudisha rafuni.

Jua pia kwamba NVIDIA, mtengenezaji wa chipu za kadi hizi, imeshafunga ukurasa wa draiva za gemu (draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) kwa familia ya 1050 Ti na 1030 tangu Oktoba 2025. Masahihisho ya usalama yanaendelea hadi Oktoba 2028. Kwa gemu za miaka iliyopita hilo halikusumbui, lakini anayenunua ili akae nayo muda mrefu aielekee 1650.

Pima nafasi kabla ya kununua. Kasha jembamba linataka kadi fupi yenye bati fupi la nyuma, na kadi ya feni nene hufunika sloti ya jirani. Chukua rula, pima kutoka bati la nyuma hadi kizuizi cha kwanza, uandike.

Dukani, omba iwashwe mbele yako na ufungue programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi. Kuna kadi kuukuu zilizobadilishwa maandishi ya ndani zijitangaze kuwa 1050 Ti, na matoleo ya karibuni ya GPU-Z huzitaja wazi kuwa bandia. Dalili ya nje ni tundu la bluu la VGA, la skrini za zamani: kizazi cha 1050 Ti hakitoi mawimbi ya VGA, basi ukiliona, shuku. Kuna na kadi za kuchimbia sarafu za kidijitali zilizomwagwa sokoni baada ya sarafu ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022. Nyingi ni nzima, ila mojawapo, P106-100, haina tundu hata moja la skrini. Utaipachika na utabaki na giza.

Kama skrini yako ni ya VGA, nunua palepale adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani.

Kuipachika ni kazi ndogo. Sasisha BIOS kwanza, ile programu ya msingi iliyo ndani ya mazabodi, kwa sababu mazabodi za zamani huzikataa kadi mpya. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, kwa hiyo safisha sloti kwa brashi laini. Shika kadi kwa kingo, ilinganishe, sukuma kwa vidole gumba hadi kilimi cha mwisho wa sloti kipige tik. Funga skrubu. Kisha, tafadhali, waya wa skrini uuchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Nusu ya simu za "kadi imekufa" ninazopokea huishia hapo.

Weka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Cheza nusu saa huku GPU-Z ikionyesha joto. Ikivuka nyuzi 80, fungua kadi, ipulize, ubadilishe krimu ya kupitishia joto kati ya chipu na kipoozeo. Umeme wetu wa volti 240 hupanda na kushuka, kwa hiyo pitisha mashine kwenye stebilaiza, na mvua ya radi ikianza, chomoa.

Ukibakiwa na pesa kidogo, ongeza kijiti cha pili cha RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Mashine hizi zinatumia DDR3, na vijiti viwili vya GB 4 vyenye kasi sawa, vikiwekwa kwenye matundu ya rangi moja, huendesha gemu kwa ulaini kuliko kimoja cha GB 8.