Namna ya Kuiandaa Familia Bajeti ya Serikali Inapokwama: Mwongozo kwa Wakazi wa Dodoma

Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Novemba 2025, shughuli nyingi za Serikali ya Marekani zilisimama kwa siku 43 kwa sababu wabunge wa chama cha Republican na wale wa Democratic hawakuafikiana kuhusu sheria ya matumizi. Watumishi wengine walikaa nyumbani bila malipo, wengine waliendelea kuripoti kazini bila malipo, na ulipofika mwezi Novemba msaada wa chakula uitwao SNAP, ambao huwafikia watu wapatao milioni 42, ukakwama njiani. Tangu wakati huo nimeulizwa mara kadhaa, hasa na wenye nyumba za kupangisha na mama lishe wanaouza kandokando ya ofisi, kama jambo hilo linaweza kutufika sisi. Kwa sura ile ile, ni vigumu. Kwa sura nyingine limekwisha kutufika mara nyingi, na ndiyo maana mwongozo huu unahusu zaidi namna ya kulijua linapokuja na namna ya kulipokea nyumbani.

Fahamu kwanza sheria inasema nini

Marekani wana sheria ya mwaka 1884 inayokataza ofisi ya Serikali kutumia fedha ambayo Bunge halijaidhinisha, na tafsiri zilizotolewa na Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti mwaka 1980 na 1981 ziliikaza zaidi. Kwa hiyo mwaka wao wa fedha unapoanza tarehe 1 Oktoba pasipo sheria ya matumizi, ofisi nyingi hufungwa.

Kwetu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Katiba imeweka akiba ya muda. Ibara ya 139 inamruhusu Rais kuidhinisha fedha zitoke katika Mfuko Mkuu wa Hazina kwa ajili ya shughuli za lazima, kwa muda usiozidi miezi minne, endapo sheria ya matumizi haijaanza kutumika. Ibara ya 90 nayo inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali, na ni wazi kwamba mbunge anayejua kuwa kura yake ya hapana inaweza kumrudisha jimboni kuomba kura upya atafikiri mara mbili. Ukiongeza kwamba chama kimoja kimekuwa na wabunge wengi mno kwa miaka yote ya mfumo wa vyama vingi, utaona kwa nini susio la wapinzani haliifungi Hazina: mwaka 2016 wabunge wa upinzani walisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika, na bajeti ikapita bila wao.

Usitishwe, basi, na kila sauti ya ukali unayoisikia redioni kati ya Aprili na Juni. Mbunge anaposema anashika shilingi ya mshahara wa waziri, anatumia utaratibu wa kudai maelezo, na mara nyingi shilingi hurudishwa jioni ile ile waziri akishatoa ahadi. Sikiliza zaidi mambo mawili: fungu la wizara inayokuhusu limeongezwa au limepunguzwa kiasi gani, na Muswada wa Sheria ya Fedha unapandisha kodi au tozo gani kuanzia Julai. Hayo mawili ndiyo yanayofika jikoni.

Mkwamo unaotuuma sisi hutokea baadaye, katika hatua ambayo haina kamera. Bunge linaweza kupitisha kasma, yaani kiasi kilichotengewa shughuli fulani katika bajeti, kisha fedha yenyewe isitoke Hazina kwa wakati, au itoke nusu. Majirani zetu wa Kenya walionja sura nyingine mwaka 2019, pale Seneti na Bunge la Taifa zilipovutana kuhusu mgawo wa kaunti. Seneti ilitaka shilingi za Kenya bilioni 335 na Bunge bilioni 316.5, na kaunti zikaingia mwaka mpya wa fedha bila kujua mgawo wao, hadi mwezi Septemba ilipokubaliwa ile ndogo. Katika halmashauri zetu pia baraza la madiwani huweza kugawanyika, mradi wa zahanati ukabaki msingi na nondo zilizosimama.

Chora njia ya fedha hadi mlangoni kwako

Hili ndilo zoezi lenye manufaa kuliko yote, nalo ndilo watu hulipuuza kwa kudhani kwamba asiyeajiriwa na Serikali hahusiki. Chukua daftari. Andika kila fedha inayoingia nyumbani, kisha mbele yake andika imetoka kwa nani, na huyo naye ameipata kwa nani, mpaka ufike Hazina au ufike mahali ambapo Hazina haihusiki kabisa. Mwalimu wa Nkuhungu atafika Hazina kwa hatua moja. Mwenye nyumba wa Kisasa ambaye wapangaji wake watatu wanafanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, atafika kwa hatua mbili. Dereva wa bodaboda anayewabeba watumishi hao kila asubuhi, kwa mbili pia. Mwenye duka anayewakopesha mpaka mwisho wa mwezi yumo humo humo, na mkulima wa Bahi anayemuuzia mchele mwenye duka yumo kwa hatua tatu. Mzazi mwenye kijana Chuo Kikuu cha Dodoma aandike pia bumu, kwa sababu mkopo wa mwanafunzi ukichelewa simu hupigwa nyumbani. Kaya iliyomo katika Mpango wa Kunusuru Kaya wa TASAF iandike siku za malipo kama ilivyozizoea na si kama ilivyotangaziwa.

Ukimaliza, piga mstari chini ya kila fedha inayofika Hazina kwa hatua moja au mbili, kisha jumlisha. Wifi yangu alifanya hivyo kwa kusitasita, kwani yeye hupika chakula tu, na akakuta kwamba katika kila shilingi kumi anazoingiza, nane zinatoka mifukoni mwa watumishi. Wakati huo alikuwa akiidai ofisi moja fedha za chakula cha semina kwa muda wa miezi saba. Kila alipokwenda aliambiwa kwa upole kwamba fungu halijaingia, naye akawa anaondoka akiamini kwamba kosa ni la mhasibu, ilhali mhasibu mwenyewe alikuwa anasubiri kama yeye.

Iwapo jumla yako inavuka nusu ya kipato, tafuta chanzo kimoja kisichopita Hazina, hata kiwe kidogo: kuku, bustani ya mchicha, fundi cherehani, kuuza nafaka za Kibaigwa kwa rejareja. Najua ni rahisi kuandika kuliko kufanya. Hata hivyo, mji huu umekua haraka tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, na wengi wetu tumejenga maisha juu ya mshahara wa mtu mwingine pasipo kulitambua.

Hesabu siku, na anza na chakula

Watumishi wa Serikali ya Marekani hulipwa kila baada ya wiki mbili, hivyo mkwamo wa siku 35 ulioanza tarehe 22 Desemba 2018 uliwanyima mishahara miwili watumishi wapatao 800,000. Kwetu mshahara huja mara moja kwa mwezi, na kukosa mmoja tu ni kukaa siku sitini hivi kati ya malipo mawili. Lenga kuwa na akiba ya kukuvusha siku hizo.

Kisio la nafaka ni rahisi. Ukichukua gramu 400 za mahindi kwa mtu mmoja kwa siku, watu sita wanahitaji kilo 2.4, na gunia la kilo 100 litawachukua takribani siku 41. Kwa hiyo familia ya namna hiyo ikiwa na gunia moja na nusu imevuka siku sitini, angalau kwa upande wa ugali. Kanda yetu ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na nafaka huwa ya bei nafuu baada ya mavuno, wakati ule ule ambapo Bunge la Bajeti linamaliza kazi yake. Nunua hapo, kwa sababu mpaka Januari bei huwa imepanda. Hifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi watakula akiba yako kabla yako. Mtama na uwele ambao wazee wetu wa Kigogo waliutegemea haujapitwa na wakati, nao hustahimili ukame kuliko mahindi.

Baada ya chakula, weka kando nauli ya shule, dawa za mwenye ugonjwa wa kudumu, na umeme. Harusi, kitchen party na kubadilisha makochi vingoje.

Zungumza na wanaokudai kabla ya siku ya malipo

Mwenye nyumba au chama cha akiba na mikopo humsikiliza zaidi mtu anayekuja tarehe 15 kusema kwamba huenda tarehe 30 akachelewa, kuliko anayezima simu tarehe 30. Nenda ukiwa na pendekezo: nusu sasa, nusu fedha ikitoka, na muandikiane. Wewe mwenye nyumba, ukiwa na wapangaji watumishi, usiwafukuze kwa mwezi mmoja. Chumba kikiachwa wazi wakati mji mzima hauna fedha hakitapata mwingine.

Ukihitaji mkopo, anza na VICOBA au SACCOS yako, ambako riba inajulikana na wanaokudai ni watu unaosalimiana nao. Jihadhari na ile mikopo tunayoiita kausha damu. Mkopeshaji wake hushika kadi yako ya benki na namba ya siri, na mshahara uliochelewa unapoingia, unapita mikononi mwake kwanza. Nimeona familia iliyokopa kwa ajili ya wiki tatu ikalipa kwa miezi kumi na minne.

Wanaoiuzia Serikali

Mkwamo ule ulioanza Desemba 2018 ukiwa bado unaendelea, Bunge la Marekani lilipitisha sheria Januari 2019 ya kuwahakikishia watumishi malipo ya siku walizokosa. Wafagizi, walinzi na wapishi walioajiriwa na kampuni zenye mikataba na Serikali hawakuhakikishiwa kitu. Hapa petu nafasi hiyo ni ya mzabuni mdogo na ya kibarua wake, kwa hiyo usipeleke bidhaa wala kupika chungu kimoja kwa ahadi ya mdomo. Dai hati ya kuagiza bidhaa, ile wengi huiita LPO, uliza kasma inayokuhusu ina fedha au inasubiri, na uwe na nakala ya hati ya kupokelewa iliyotiwa saini. Kazi zinazotolewa karibu na tarehe 30 Juni zitazame kwa jicho la pili, kwani ankara isiyolipwa kabla ya mwaka kufungwa huingia katika madeni ya wazabuni, na huko foleni ni ndefu. Wifi yangu sasa huomba robo ya gharama mapema ili anunue mchele na nyama kwa fedha ya ofisi na si ya kwake. Ofisi mbili zimekataa, naye hakuzipikia.

Kijijini na mtaani, hudhuria mkutano unaposomwa mapato na matumizi, ambao kijijini unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu. Uliza fedha gani iliyopitishwa haijafika, na uombe jibu liandikwe katika muhtasari, kwa kuwa diwani huweza kwenda nao halmashauri.

Fedha iliyochelewa ikifika yote kwa mkupuo huonekana nyingi, na baa za mjini hulijua hilo mapema kuliko familia. Mlipe kwanza yule uliyeandikiana naye, kisha jaza gunia ulilolipunguza kabla bei haijapanda tena, na kinachobaki kiingie akiba kabla hakijazoeleka mfukoni.