Jinsi ya Kupanga Siku Mbili za Maji ya Moto na Mapumziko Kando ya Mto Sabaki

Anayetaka kuupumzisha mwili kwa maji ya moto huku Malindi na afahamu tangu mwanzo kwamba hatakuta chemchemi inayotokota kutoka ardhini. Mwenye kuitamani hiyo na aende Bogoria katika Bonde la Ufa, ziwa lililoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2001, ambako maji hufoka kwa joto lisilovumilika mkononi. Neema ya Sabaki ni ya namna nyingine. Maji ya bomba ya mji wa Malindi hutolewa katika visima vya Baricho, vilivyochimbwa kando ya mto huu huu, kwa hiyo mtu anayejimiminia maji ya moto baada ya Isha huwa anaoga mto uleule aliokuwa akiutazama alasiri, ukiwa umekwisha kuchujwa na mchanga. Mpango wote ninaoueleza hapa umejengwa juu ya hilo: mto hutazamwa kwa mbali, na maji yake huogwa nyumbani.

Sabaki huanza kwa jina la Athi katika nyanda za juu karibu na Nairobi, hukutana na Tsavo utokao kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huitwa Galana ukiwa mbugani, kisha hutufikia sisi ukiwa umebeba udongo mwekundu wa safari nzima. Mdomo wake uko takriban kilomita 5 kaskazini ya mji. Hapo pana vidimbwi vya maji baridi, tope, mafungu ya mchanga, vilima vya mchanga na mikoko, hasa michu, ambayo mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama vidole. Ni mahali panapotambuliwa kimataifa kuwa muhimu kwa ndege, na kila anayefika pale anapaswa kujiona kuwa mgeni wao.

Kuchagua siku ndiyo kazi inayodai uangalifu mkubwa kuliko zote, na ndiyo wengi huipuuza. Miezi ya kaskazi, hususan Januari na Februari, hufaa zaidi kwa sababu njia ni kavu na ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia bado wako nasi. Wakati wa masika mto hufurika na njia za ukingoni huwa utelezi mtupu. Hata hivyo mwezi wa kalenda hautoshi, ni lazima kuutazama na mwezi wa angani. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani za maji makuu, karibu na mwandamo na karibu na mwezi mpevu, maji hujaa kufikia mnamo saa kumi alasiri na hupwa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Siku za maji mafu, zilizo kati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka, maji yakajaa saa nne na kupwa alasiri. Sasa, ndege hula topeni maji yakipwa, wakiwa wametawanyika mbali hata jicho haliwakuti. Maji yanapojaa husukumwa wote kwenye mafungu machache ya mchanga yaliyobaki, wakakusanyika. Kwa hiyo chagua siku ya bamvua, ufike saa tisa, na utakuwa umeondoka kabla ya magharibi. Mimi mara ya kwanza nilikwenda adhuhuri ya siku ya maji mafu, maji yakiwa yanarudi baharini. Nikaona tope tupu, na jua likanipa maumivu ya kichwa yaliyoniharibia jioni nzima.

Usafiri ni mwepesi. Matatu na tuktuk zinazoelekea Mambrui hupita kwenye daraja la Sabaki. Shuka hapo na uulize vijana wa kijijini wanaoongoza wageni, kisha mkubaliane malipo kabla ya kuanza kutembea. Usiende bila mwenyeji. Mafungu ya mchanga huzungukwa na maji upesi siku za bamvua, na mtu anaweza kukatiwa njia ya kurudi akiwa bado anatazama mbele. Tena mto una viboko na mamba. Mchana kiboko hujizamisha, lakini jua likitua hupanda ukingoni kwenda kula majani, na hatari yake kubwa ni kwa aliyesimama kati yake na maji. Hiyo ndiyo sababu ya kusisitiza kuondoka mapema. Usioge mtoni wala usiingize miguu katika vidimbwi, maana mbali na mamba, maji baridi yaliyosimama yanaweza kuwa na kichocho.

Ukifika karibu na mafungu, keti chini. Kusimama kwa binadamu ndiko kunakowatisha ndege zaidi ya sauti yake. Siku niliyokwenda na mama mkubwa wangu tulitandika leso juu ya mchanga tukakaa karibu saa nzima, yeye akiwa amenyoosha magoti yaliyokuwa yakimsumbua tangu mwaka uliotangulia. Mbele yetu buabua walikuwa wamejipanga wote wakielekeza midomo upepo unakotoka, na nyuma yao heroe wachache wakipepeta maji kwa midomo iliyopinduliwa. Mwewe mmoja alipita juu, na buabua wakainuka wote kwa mara moja, wakazunguka, wakatua pale pale, wakageuka tena kuelekea upepo. Mama mkubwa hakusema neno, na mimi sikumsemesha. Utulivu huo ni sehemu ya tiba, kwani mwili unaoingia katika maji ya moto ukiwa bado na haraka za mjini haufaidi kitu.

Kuhusu malazi, lala mjini au Mambrui, na usiridhike na ahadi ya maji ya moto kabla hujayagusa. Nyumba moja tuliyoilipia ilituahidi maji hayo, na tulichokuta ni bomba lililotoa vuguvugu kwa dakika chache. Tafuta nyumba yenye ua na ruhusa ya kuwasha jiko, kisha uyachemshe mwenyewe. Uliza pia kama maji ni ya bomba au ya kisima, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na sabuni haitoi povu.

Kwa mtu mmoja andaa sufuria kubwa ya maji, ndoo mbili, beseni la miguu, kata, na taulo mbili. Moto bora ni wa vifuu vya nazi, ambavyo huwaka kwa joto kali na hupatikana kila ua; kuni za mikoko usizinunue hata ukiletewa mlangoni, kwa sababu kuununua mti huo ni kulibomoa lile lile ulilokwenda kulitazama. Maji yakianza kuchemka tia majani ya mchaichai na mrehani, ufunike, kisha uepue na kuyaacha kwa dakika 10. Wakati huo saga liwa, ule mti wa manukato, juu ya msio, yaani jiwe la kusagia, kwa matone machache ya maji ya waridi, polepole, mpaka upate uji mzito. Harufu yake hupanda kabla hata hujaigusa ngozi.

Anza na miguu. Changanya maji ya moto na ya baridi katika beseni, tia konzi mbili za chumvi ya mawe, ile inayovunwa Gongoni, na upime kwa kiwiko: joto liwe la kupendeza, lisiwe la kuuma, yaani kati ya nyuzi 38 na 40. Miguu ikae dakika 15. Halafu paka liwa mikononi, shingoni na mgongoni, uiache ikauke mpaka ngozi ihisi kuvutwa, ndipo ujimiminie maji ya majani kwa kata kutoka mabegani kwenda chini, bila pupa. Taulo iliyochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa ifungwe kwenye goti au kiuno kinachouma, ibadilishwe mara tatu au nne. Malizia kwa kukandwa na mafuta ya nazi, ukiwa umevaa nguo iliyofukizwa udi kwenye chetezo.

Anayetaka kujifukiza na aiweke sufuria sakafuni, kamwe asiipakate, na watoto wawe mbali, kwani mvuke huunguza vibaya kuliko watu wanavyodhani. Mjamzito, mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu, waonane na daktari kwanza. Mama mkubwa wangu ana shinikizo la damu, na kwa ushauri aliopewa alioga ya vuguvugu tu na kukandwa magoti. Alilala usiku ule bila kuamka. Kila mtu na anywe maji ya kutosha kabla na baada, na ainuke taratibu asije akapatwa na kizunguzungu.

Maji yaliyotumika yamwage kwenye mashina ya migomba uani, isipokuwa yale ya chumvi, ambayo hunyausha mimea. Asubuhi ya pili usirudie kuoga ya moto. Rudi mtoni baada ya jua kuchomoza, na mwenyeji yule yule, usimame darajani maji yakiwa yanapwa, uwaangalie sululu wakishuka mmoja mmoja kwenye tope linaloanza kuonekana.