Mtafute daktari wa mnyama wako akiwa bado mzima

Wengi tunaanza kumtafuta daktari siku mnyama keshalala hataki hata kunyanyua kichwa, saa hiyo unampigia yeyote atakayepokea simu, akisema leta unapeleka. Mimi yalinikuta na paka wangu dume. Anaingia kwenye boksi la mchanga, anachuchumaa, anasukuma weee, anatoka, baada ya dakika mbili karudi tena. Nikadhani kafunga choo, na niliyempigia akakubali tu, akaniambia nimnyweshe mafuta nimlete kesho kutwa. Kumbe mkojo ndo umeziba! Paka dume mkojo ukiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili, sumu inajaa kwenye damu na moyo unasimama. Daktari mwingine alimpokea usiku uleule, akamshika tumbo taratibu akasema kibofu kigumu kama limau, akamuwekea mpira wa kutoa mkojo. Alipona.

Kwahiyo anza sasa hivi. Waulize wenye wanyama, ila usiulize "daktari wako mzuri?" maana kila mtu atasema mzuri, uliza mnyama wake alipougua sana ilikuwaje, daktari alimpigia simu kesho yake au ndo basi. Alafu hakikisha kasajiliwa na bodi ya madaktari wa wanyama ya nchi yake, namba yake ya usajili sio siri. Wasaidizi na wauza dawa wanafanya kazi kubwa, siwadharau, ila kusema ugonjwa ni upi na kupasua ni kazi ya daktari.

Mara ya kwanza mpeleke kwa ukaguzi tu, na we angalia mikono ya daktari. Anampima uzito? Dozi inaenda kwa kilo, anayekadiria kwa macho anabahatisha. Anafunua mdomo na kubonyeza fizi? Kwa mzima rangi inarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Homa anapima kwa kipimajoto au anagusa pua tu? Mbwa na paka kwa kawaida wana joto la nyuzi 38 na kitu mpaka 39, wanatuzidi, kwahiyo mkono wako utasema wana homa hata wakiwa wazima kabisa. Sindano ikitangulia maswali, beba mnyama wako muondoke.

Kwenye chanjo kuwa mkali kidogo. Kwa kawaida mtoto wa mbwa anaanza akiwa na wiki 6 mpaka 8, anarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afike 16 hivi, sababu kinga aliyopata kwa mama inaweza kuizuia chanjo isishike. Anayekwambia moja imetosha, muulize kwanini. Na chanjo itoke kwenye friji, sio kwenye droo.

Akishakwambia tatizo, uliza: inaweza kuwa nini kingine? Daktari mzuri hakasiriki, wengine watakwambia kabisa "sijajua bado, tupime damu", na mimi huyo ndo namuamini zaidi. Jina la dawa liandikwe. Kama ni upasuaji, uliza nani atamwangalia akiwa kwenye usingizi na atapewa nini cha maumivu akiamka. Ukitaka maoni ya daktari wa pili omba nakala ya vipimo, hilo sio tusi.

Na wewe pia usimfiche kitu. Kama ulimpa paka panado, sema hapohapo, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Kama ulimpaka dawa ya viroboto ya mbwa, sema pia, nyingine zina permethrin ambayo kwa paka ni sumu. Hela ikiwa ndogo itaje mapema, apange kipi kianze.

Uliza pia usiku wa manane anapatikana nani, hifadhi namba hiyo na uzito wa mnyama kwenye simu. Alafu mrekodi video akikohoa au akichechemea, sababu wakifika kliniki wanajikaza, kikohozi chote kinapotea, unabaki unamuigizia daktari na bado haelewi.