Gazeti jingine likichapisha makala yenu bila ruhusa

Kwanza tenganisheni habari na maandishi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 2(8), haulindi habari za siku zikiwa taarifa tupu: nani kajiuzulu, moto umezuka wapi. Kinacholindwa ni namna mlivyoiandika, pamoja na uchambuzi na picha.

Kusanyeni ushahidi kabla ya kupiga simu, maana ukurasa wa mtandaoni hufutwa mara moja. Hifadhini nakala yake nzima ikionyesha anwani, tarehe na saa. Kwa gazeti la karatasi, wekeni toleo zima, si kipande kilichokatwa. Wekeni makala mbili sambamba, mpake rangi sentensi zinazofanana neno kwa neno. Kosa lenu la tahajia likionekana na kwao, hapo hawana pa kujificha.

Wengi hukwama kwenye umiliki. Mwandishi wa kujitegemea asiye na mkataba wa maandishi huenda bado ndiye mwenye haki. Au habari ilitoka shirika la habari, na wenzenu nao wamelipia.

Barua ya madai mwandikieni mhariri mkuu: tajeni makala, tarehe, mnachodai (kuondolewa au malipo) na muda wa kujibu, tuseme siku 14. Wakisema “mbona tuliwataja?”, wajibuni kwamba kutaja chanzo si ruhusa.